Nafasi ya Mtoto Mmoja

Barua ilifika Jumatatu mchana, imekunjwa mara nne na kufichwa ndani ya soksi ya Kasuku, kwa sababu mwalimu alimwambia ikipotea asirudi kuomba nyingine. Mama yake alikuwa ndiyo kwanza ametoka kazini. Alikaa kwenye kizingiti cha mlango, viatu kavua, anajipaka mafuta kwenye vidole vilivyobabuka kwa mvuke. Kazi yake ilikuwa kupiga pasi mashuka ya hospitali na hoteli katika kiwanda cha kufulia, zamu ya alfajiri, mashuka mia tatu kabla ya saa nane.

“Mama, nimechaguliwa! Shule nzima wamechukuliwa ishirini tu, na mimi nimo!”

“Umechaguliwa wapi? Hebu pumua kwanza.”

“Darasa la Vipaji! Lile jengo jipya anapopaka rangi baba. Mimi nimekuwa wa pili, mama. Wa pili!”

Mama aliinyoosha barua kwenye paja. Ilikuwa na mhuri wa shule na maneno ya kutosha. Watoto ishirini kutoka mikondo yote ya darasa la nne, walimu wao wenyewe, vitabu, sare mpya, chakula cha mchana. Atakayedumu humo mpaka darasa la saba, wafadhili watamlipia sekondari yote. Masomo yanaanza Jumatatu ijayo, saa moja asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Sahihi ya mzazi au mlezi ifike ofisini kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Baada ya hapo nafasi atapewa mwingine.

Aliisoma mara ya kwanza, moyo ukampaa. Aliisoma mara ya pili, akainua macho, akamwona binti yake mkubwa amesimama nyuma ya Kasuku, mkoba ungali mgongoni, anamtazama mama yake midomo.

“Imesema nini?” aliuliza yule mkubwa, kwa sauti yake kubwa isiyopanda wala kushuka.

Huyo ndiye Bibi. Alirithi jina la mama mzazi wa baba yake, na kwa adabu hakuna aliyeweza kumwita mtoto jina la mama mkwe hivi hivi, basi tangu kuzaliwa akawa Bibi. Baba yake akawa Baba Bibi, mama yake Mama Bibi, na majirani waliohamia karibuni walicheka kila walipomsikia fundi rangi wa miaka thelathini na tisa akiitwa hivyo. Alipokuwa na miaka minne, Bibi aliugua homa ya uti wa mgongo. Alilazwa wiki tano. Alitoka hospitali akiwa mzima wa mwili na kiziwi wa masikio yote mawili. Daktari alisema mshipa wa kusikia umekufa, hata kifaa hakitasaidia. Maneno aliyokuwa ameshayajua alibaki nayo. Mengine alijifunza kwa kutazama midomo ya watu.

Midomo aliyoitazama zaidi ya yote ilikuwa ya mdogo wake. Kasuku alipewa jina hilo kwa sababu alianza kusema kabla ya kutembea, na kila alichosikia alikirudia. Bibi alichelewa kuanza shule, kwa hiyo wakaanza pamoja, mmoja wa miaka minane, mwingine sita. Walikaa dawati moja, safu ya tatu. Mwalimu alipogeuka ubaoni huku anaongea, Kasuku aligeuza uso kidogo na kuyarudia maneno yote kwa midomo bila sauti. Mwaka wa nne sasa. Hakuna aliyewahi kumwagiza.

“Imesema mdogo wako amechaguliwa,” mama alijibu, akitamka polepole.

Bibi alitabasamu. Kisha tabasamu likakaa pale usoni kama kitu kilichosahauliwa, kwa sababu alikuwa na akili, na alishaanza kuhesabu.

*

Kesho yake Mama Bibi aliomba ruhusa ya saa moja, akaenda shuleni na aproni ya kazi ndani ya mfuko. Mwalimu wa darasa alikuwa peke yake katika chumba cha walimu, amezungukwa na madaftari pande zote. Alikuwa mwanamke wa makamo, mchovu, si mtu mbaya. Darasa lake lilikuwa na watoto themanini na watatu.

“Karibu mama. Hongera. Mtoto yule ni hazina.”

“Ahsante, mwalimu. Nimekuja kwa ajili ya dada yake.”

Mwalimu alivua miwani. “Nilijua utakuja.”

“Mdogo wake akihama, Bibi atasikilizia nani?”

“Nitamweka mbele.”

“Mbele au nyuma, mwalimu, akiona kisogo chako hapati kitu.”

“Mama, mimi nina watoto themanini na watatu. Nikisema niandike ubaoni huku nimewatazama wao, nitaandikia mgongo?” Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu aliyekwisha kulifikiria jambo hilo na kushindwa. “Kuna ile shule ya viziwi. Wana walimu wao, wanasoma kwa mikono.”

“Tuliandikisha jina mwaka juzi. Nilipokwenda kuuliza mwezi wa tatu, tulikuwa wa mia moja na arobaini kwenye orodha. Wanachukua kumi na wawili kwa mwaka.”

Mama Bibi alipiga hesabu hiyo kichwani, ingawa alishaipiga mara nyingi, na jibu lilikuwa lile lile: Bibi angepata nafasi akiwa mwanamke mzima.

“Na yeye je, alifanya huo mtihani?” aliuliza. “Alipata ngapi?”

Mwalimu alifunga daftari lililokuwa mbele yake, akalifungua tena. “Ile yake hatukuisahihisha.”

“Kwa nini?”

“Mama, sikutaka kukwambia. Majibu yake yalikuwa yale yale ya mdogo wake. Yote hamsini. Hata pale mdogo wake alipokosea, na yeye kakosea hapo hapo. Amenakili. Kwa kanuni tungemwadhibu, lakini hali yake tunaijua. Tukaiweka pembeni tu.”

Alivuta droo, akatoa karatasi mbili, akaziweka mezani bega kwa bega. Mama Bibi aliinama. Uso ulimwaka moto. Alikuwa ameishia darasa la saba, lakini kufanana kwa majibu hakukuhitaji shule.

“Tazama ya huyu,” mwalimu alisema akigusa karatasi ya Kasuku, na sauti ikalainika. “Hesabu zote hizi, hana hata mstari wa kuhangaika. Jibu tu, jibu tu. Huyu anapiga kichwani, mama. Katika miaka ishirini na sita sijapata mtoto kama huyu.” Akaisukuma ile nyingine pembeni. “Hii ukitaka chukua. Haina kazi.”

“Ahsante, mwalimu,” Mama Bibi alisema. Akaikunja, akaishindilia chini ya aproni. “Ahsante kwa kumvumilia.”

Maneno hayo ya mwisho yalimchoma njia nzima. Kumvumilia! Alikuwa amemshukuru mtu kwa kumwita mwanawe mwizi.

Kiwandani, wakati wa kusubiri mashine ya kukaushia, aliitoa tena ile karatasi na kuitandaza kwenye meza ya pasi. Kwa mara ya kwanza aliigeuza. Nyuma ilikuwa imejaa kutoka juu mpaka chini. Namba ndogondogo, michoro ya pembetatu, kujumlisha, kufuta, kugawanya upya, mishale iliyotoka hesabu moja kwenda nyingine. Mwandiko ulikuwa wa Bibi. Alisimama akiitazama mpaka mwenzake wa meza ya pili akamwita mara mbili. Shuka lilikuwa linaungua.

*

“Njoo hapa,” alimwambia Kasuku jioni ile. Bibi alikuwa amekwenda bombani na ndoo. “Ule mtihani. Nani alimpa nani majibu?”

Kasuku, mtoto aliyekuwa na jibu la kila swali, alitazama vidole vya miguu yake.

“Sikupigi. Niambie tu.”

“Sehemu ya kwanza mwalimu alikuwa anasoma, sisi tunaandika. Nikamwambia Bibi kwa mdomo.”

“Na sehemu ya pili?”

“Ya pili ni hesabu na mafumbo. Akaigeuza karatasi yake kidogo, nikaona.”

“Zote?”

“Mimi hesabu sizijui, mama. Tunafanyaga hivyo siku zote. Mimi namsikilizia, yeye ananifikiria. Sikujua kama ni kuiba. Tulikuwa tunafanya mtihani tu.”

Mama yake alikaa kitandani. Kwa hiyo yule mtoto ambaye mwalimu hakupata kumwona kwa miaka ishirini na sita hakuwa Kasuku, wala hakuwa Bibi. Alikuwa ni hao wawili wakiwa dawati moja. Na barua ilikuwa na nafasi ya mtoto mmoja.

“Mama,” Kasuku alisema huku kamasi zikimtoka, “nikienda kule peke yangu wataniuliza nini?”

*

Baba Bibi alikuwa juu ya ngazi katika jengo jipya, anapaka rangi ya pili kwenye ukuta wa nyuma. Alipenda kazi hiyo kuliko zote alizopata mwaka ule. Kuta zilikuwa zimepigwa plasta vizuri, madirisha makubwa, madawati ishirini mapya yamefunikwa nailoni. Tangu mkewe amweleze habari ya mtihani, kila alipochovya brashi aliyahesabu madawati yale, kana kwamba siku moja yangefika ishirini na moja.

Mwalimu mkuu aliingia kukagua. “Fundi, Jumapili tutakuwa tumemaliza?”

“Jumamosi, mkuu. Nina swali, kama hutojali.”

“Uliza, lakini shuka. Shingo inaniuma.”

Aliteremka haraka mno. Brashi ikadondosha tone kubwa la rangi ya maziwa juu ya kiatu cheusi cha mwalimu mkuu.

“Ah! Samahani, mkuu, samahani sana.” Akachomoa kitambaa mfukoni, akapiga goti, akaanza kufuta. Mwalimu mkuu hakuvuta mguu. Basi Baba Bibi akaliuliza swali lake akiwa pale chini, maana akisimama asingekuwa na moyo wa kuliuliza tena.

“Hivi, mtoto akigundulika alisaidiwa kwenye mtihani huu wa vipaji, huwa inakuwaje?”

“Anafutwa. Na inaandikwa kwenye faili lake. Faili hilo linamfuata mpaka anamaliza. Kwa nini unauliza?”

“Nimeuliza tu.”

Mwalimu mkuu alimtazama utosini kwa muda mrefu. Hakuwa mjinga, asingefika alipofika. “Fundi, majina ishirini nimeshayatuma kwa wafadhili, na picha zao. Jumatatu wageni wako hapa. Jambo ambalo sijaambiwa, silijui. Na wiki hii nina mambo mengi ya kujua tayari.”

“Na yule dada yake, mkuu? Kama angepimwa peke yake, kwa maandishi tu, labda—”

“Darasa hili linafundishwa kwa mdomo. Mijadala. Mtoto anasimama, anatoa hoja, mwenzake anampinga. Yule atapingana na nani?” Alicheka kidogo, bila ubaya, kisha akageuza kiatu huku na huku kwenye mwanga. “Imetoka. Ahsante.”

Akaenda zake. Baba Bibi alibaki amepiga goti, kitambaa mkononi, mbele ya madawati ishirini.

*

Katika nyumba ile, siri ilikuwa ni kugeuka. Watu wengine hunong’ona. Wao walimpa Bibi mgongo. Alhamisi saa kumi na moja, mume na mke walisimama dirishani wakitazama nje, mabega yamegusana, na ungesema wanaangalia watu wanaopita.

“Mimi naona tusaini,” alisema mume.

“Tusaini uongo?”

“Sasa ukweli utamsaidia nani? Niambie. Ukienda na karatasi yako, Kasuku anafutwa, jina linachafuka. Na Bibi hawamchukui hata hivyo. Utakuwa umewazika wote wawili kwa mkono wako.”

“Na akienda huyu, Bibi anabaki kipofu na kiziwi.”

“Anaona ubao.”

“Ubao! Wewe umesoma, Baba Bibi. Mwalimu huandika nini ubaoni? Tarehe na swali. Maelezo yote yanatoka mdomoni.”

“Basi tukatae. Kasuku abaki pale pale, awe masikio ya dada yake mpaka lini? Mpaka waolewe? Ataolewa naye?” Alipandisha sauti, akaishusha, akakumbuka kwamba haikuwa na haja ya kushushwa. “Mwanao ana miaka tisa. Tumempa kazi ambayo hata mtu mzima angelipwa.”

“Sikumpa mimi.”

“Wala mimi. Lakini tuliiona, tukanyamaza, kwa kuwa ilitufaa.”

Hilo lilikuwa kweli, na lilikuwa limekaa kati yao miaka yote kama samani waliyozoea kuizunguka.

“Kama ingekuwa Bibi ndiye aliyechaguliwa,” alisema mwishowe, “ungesema hivyo hivyo?”

“Ningesema hivyo hivyo.”

“Mwongo.”

“Pengine,” alisema mume.

Hapo ndipo walipomwona. Bibi alikuwa ametoka kwa mlango wa uani, akaizunguka nyumba, na sasa alikuwa amesimama barabarani hatua tatu kutoka dirishani, ameshika nondo za dirisha la jirani, anawatazama midomo. Hawakujua amefika saa ngapi. Kutokana na uso wake, alifika mapema.

“Sainini,” alisema kwa ile sauti yake kubwa. Mpita njia aligeuka kumtazama.

“Ingia ndani,” mama alisema.

“Sainini. Hesabu nitamfundisha jioni.”

Kasuku alitokea chumbani mbio, akajipenyeza kati ya wazazi wake mpaka dirishani, akamwelekea dada yake uso mzima. “Na wewe nani atakwambia?”

Bibi aliinua mabega. “Kwani mimi ndiye nimechaguliwa?”

Haikuwa kejeli. Alisema tu jambo lilivyo.

*

Ijumaa saa tano na nusu Mama Bibi alikuwa kwenye kaunta ya ofisi ya shule. Karani alimsogezea fomu na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Mlango wa mwalimu mkuu ulikuwa wazi. Kwenye mkoba wake mama alikuwa na ile karatasi ya mtihani. Usiku hakuwa ameamua chochote. Asubuhi alijikuta tu ameitia.

“Mwalimu mkuu,” aliita kutoka kwenye kaunta, “samahani. Kuna karatasi hapa ningependa uione.”

Mwalimu mkuu aliinua kichwa. “Ya mtoto aliyechaguliwa?”

“Ya dada yake.”

“Basi hiyo haihusiki na shughuli ya leo, mama.” Akashusha kichwa upesi, akawa anaandika kitu.

Mkono wa Mama Bibi ulikuwa ndani ya mkoba, vidole vimeshaishika karatasi. Angeweza kuingia. Hatua nne tu. Angeitandaza mezani, aseme tazama nyuma, tazama huku, huyu ndiye unayemtafuta. Na katika sentensi hiyo hiyo angekuwa amemtia Kasuku doa la maisha, mtoto wa miaka tisa ambaye kosa lake lilikuwa kumpenda dada yake kwa njia aliyoiweza. Alijaribu kuitunga sentensi ambayo ingemwinua mmoja bila kumkanyaga mwingine. Aliitafuta kwa bidii, mpaka karani akakohoa.

“Mama, saa inakwenda. Kuna mzazi nje, mwanawe ni wa ishirini na moja, anaomba Mungu mtu asitokee.”

Akasaini. Herufi za jina lake zilitoka kubwa kubwa, kama za mtoto.

“Mbona machozi?” karani alimtania akigonga mhuri. “Si ni furaha hii?”

“Ni furaha,” alisema.

*

Jumatatu wageni walikuja, wakapiga picha na watoto ishirini wenye sare mpya, na mmoja wao akasifia rangi ya ukuta. Ng’ambo ya uwanja, Bibi alikaa safu ya mbele. Mwalimu wa darasa alijitahidi. Kwa siku mbili nzima alijikumbusha kugeuka kila anapoongea, na somo likachelewa, na siku ya tatu akasahau. Alimweka msichana mwingine karibu na Bibi awe anamwandikia yanayosemwa. Msichana huyo aliandika kwa siku tisa. Siku ya kumi alisema mkono unauma na yeye mwenyewe anapitwa, na mama yake akaja kuungana naye kwa maneno makali. Hakukuwa na wa kumlaumu.

Kwa hiyo kuanzia hapo Bibi alifika, akakaa, akanakili tarehe na swali, akatazama kisogo cha mwalimu kwa saa sita, akarudi nyumbani. Darasa likicheka, alichelewa kucheka. Akiitwa jina, aligutushwa kwa kidole na jirani wa nyuma. Wiki ya tano mwalimu alimtoa nje pamoja na wapiga kelele, kwa kuwa alikuwa anauliza swali kwa sauti yake ile huku imla inaendelea.

Kasuku naye aliingia kwenye jengo jipya akiogopa, na kila siku woga ulipata sababu. Kule hawakuuliza jibu tu. “Umelipataje? Njoo utuoneshe.” Alisimama ubaoni na chaki mkononi, watoto kumi na tisa wanamtazama. Akajifunza kusema nimesahau. Akajifunza kuomba ruhusa ya kwenda chooni kabla zamu yake haijafika. Asubuhi tumbo lilimuuma, na mama alijua kabisa ni tumbo la namna gani, akampa maji ya moto na kumsindikiza mpaka getini. Mtoto aliyekuwa akisimulia siku nzima kuanzia mlangoni mpaka kitandani sasa alikula kimya. Baba yake alimchokoza mara moja: “Leo kasuku wetu kafungwa mdomo?” Hakucheka mtu.

Lakini jioni, vyombo vikiisha kuoshwa, walikaa mezani wawili wao. Kasuku alifungua daftari la Darasa la Vipaji na kurudia kila alichoweza kukikumbuka, neno kwa neno, hata kikohozi cha mwalimu. Nusu yake hakukielewa yeye mwenyewe. Bibi alimtazama midomo bila kupepesa. Kisha alichukua penseli. Kile ambacho Kasuku alikibeba kama mzigo aliofungiwa, Bibi alikifungua, akacheka peke yake, akamwonesha: hivi, kisha hivi. Ilikuwa ndiyo saa pekee ya siku ambayo nyumba ile ilipumua. Mama alipiga pasi sare mbili, moja mpya, moja iliyofifia kola, akajikaza asiende kuwakumbatia, maana angewakatiza.

Alimwambia mumewe, “Unaona? Bibi anasoma ya kule kwa nusu saa, mwenzake anakaa kule siku nzima.”

“Naona.”

“Na hakuna atakayejua.”

“Sisi tunajua.”

“Sisi ni nani?” alisema mke, akarudi kwenye pasi.

*

Muhula uliisha kwa siku ya ripoti. Watoto walizileta wenyewe, kila mmoja na bahasha yake. Mama Bibi aliziweka mezani bega kwa bega, akakumbuka meza nyingine, akazitenganisha kidogo.

Kasuku alikuwa wa kumi na saba kati ya ishirini. Chini, kwa mwandiko mzuri wa mwalimu wa Vipaji, iliandikwa: *Kazi zake za nyumbani ni bora kuliko za mwanafunzi yeyote darasani. Ana akili ya pekee. Ajiamini zaidi mbele ya wenzake.*

Bibi alikuwa wa sitini na nane kati ya sabini na tisa waliobaki. Hesabu alikuwa amepata tisini na nane. Imla alipata sifuri, maarifa kumi na mbili, ufahamu wa kusikiliza sifuri. Mwalimu wa darasa, ambaye alikuwa na ripoti sabini na tisa za kumaliza kwa jioni moja, alikuwa ameandika mstari mmoja:

*Ajitahidi kusikiliza.*

Baba Bibi aliusoma juu ya bega la mkewe. Alitoka nje, akasimama uani, akarudi, akausoma tena. “Nitakwenda,” alisema. “Wallahi nitakwenda kesho, nimuulize huyu mama kama anazo akili.”

“Shule imefungwa,” mke alisema. “Na ukienda, utamwambia nini? Ukianza, utaishia wapi?”

Akakaa. Aliijua njia hiyo inapoishia.

Mama aliichukua ile ripoti ya Bibi aitie kabatini, chini ya nguo, lakini binti yake alikuwa amesimama mlangoni na alikuwa ameshaona. Kwa vyovyote aliibeba mwenyewe kutoka shuleni, na bahasha haikuwa na gundi. Mama akapiga moyo konde, akamgeukia, akamtamkia polepole ili asipotewe na neno:

“Umesoma alichoandika mwalimu?”

“Nimesoma.”

“Usiyatie moyoni. Alikuwa na haraka.”

Bibi alifikiri kidogo. Uso wake haukuwa na hasira. Ulikuwa na ile subira ya mtu mzima ambayo mama yake alianza kuichukia kwa kuwa alijua nani ameifundisha.

“Ukimwona,” alisema, na kwa mara ya kwanza alijaribu kuipunguza sauti, ikatoka ya kukwaruza, “mwambie nilijitahidi.”

Kisha akavuta kiti karibu na mdogo wake, ambaye alikuwa amelaza kichwa juu ya kazi za likizo, hesabu hamsini. Akamwinua kidevu kwa kidole, taratibu, mpaka akaiona midomo yake.

“Nisomee ya kwanza,” alisema.